Nilikuomba Ushauri, Ukaniomba Maelezo

11 Januari

Mdogo wangu Kasuku,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe, wifi yangu na watoto. Huku tu wazima kiasi cha kushukuru. Shangazi bado anasubiri kupasuliwa ule mtoto wa jicho. Anadai haoni kitu, lakini sukari ikipungua kwenye chai yake anaiona. Mpwa wako kaingia mwaka wa pili chuoni. Nikisikia simu yake najua kuna kitu anataka. Kiwandani tumepata kazi ya sare mia sita za wauguzi, na mimi niko pale pale, meza ya mwisho, kola na vifungo.

Umeniuliza tena maoni yangu kuhusu vipindi, eti mimi ndiye mtazamaji unayemwamini kuliko waandishi wenzako wote wa hapo televisheni. Haya, umeyataka mwenyewe.

Ile tamthilia ya Mke wa Daktari Mkuu inanipandisha presha. Mgonjwa yuko hoi, mipira puani, lakini kope za bandia zimesimama kama ufagio! Na muuguzi gani anavaa sare ya kubana namna ile akaweza kumgeuza mgonjwa kitandani? Mimi nazishona. Ile ingepasuka kwapani kabla ya saa tatu asubuhi. Wiki ya saba sasa wanagombania wosia, na katika nyumba nzima hakuna anayefanya kazi. Nikauliza kiwandani, "Hawa watu nani anawafulia?" Mama Pacha, wa cherehani ya pembeni yangu, akajibu bila kuinua kichwa: "Wanafuliwa na matangazo ya sabuni."

Vichekesho ndiyo usiseme. Mwanamume kavaa gauni, kajikwaa, na vicheko vya kurekodiwa vinatuamrisha tucheke. Kipindi chako cha Ngazi Mbovu mwaka juzi kilikuwa na mambo. Yule mzee na godoro lake kwenye ngazi, nilicheka nikajidunga sindano. Siku hizi kimekuwa chai ya majani ya jana. Nakwambia kwa sababu nakupenda.

Na zile tuzo! Mtu anatukana mwaka mzima, akipewa kombe anamshukuru Mungu kana kwamba waliandika pamoja.

Sasa neno lenyewe. Baba alituzoesha: lililo zito liandikwe, la mdomoni hupeperuka. Kwa hiyo naandika, na hakuna mwingine ajuaye, hata binti yangu.

Mwezi wa kumi nilipeleka saa ya marehemu mume wangu kwa fundi saa, mwenye kile kiduka kinachotazamana na kiwanda. Ilikuwa imesimama tangu tumzike, miaka sita. Yule baba hakuifungua kwanza. Aliiweka sikioni, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema, "Hii haijafa. Imechoka kusubiri." Nikacheka, Kasuku. Nilipofika njiani nikalia.

Tangu siku ile nimepita dukani mara nyingi kuliko saa inavyohitaji. Naye ni mjane. Wiki iliyopita akaniambia, "Mimi si mtu wa maneno, ni mtu wa kusikiliza. Nikipata mtu wa kumsikiliza mpaka uzee, nitamshukuru Mungu." Akaniomba tuoane, hivyo hivyo, na koleo mkononi.

Nina miaka arobaini na tisa. Naogopa kina mama wa kwaya, naogopa macho ya binti yangu, na usingizi nimeukosa. Wewe ndiye ndugu niliyebaki naye. Nishauri: nimkubali?

Dada yako


2 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Sisi tu wazima. Wifi yako anakusalimu, watoto wamepata mafua wakayamaliza, nami nikayarithi. Mpe pole shangazi.

Hizo kope kama ufagio zimeniua! Niliwagusia wenzangu kidogo hapa ofisini, wakacheka hadi mmoja akamwaga chai. Na uliyosema kuhusu Ngazi Mbovu ni kweli, yameniuma kwa sababu ni kweli. Mkuu wa kipindi anataka kurasa arobaini kila Ijumaa, na mimi kichwa kimekauka, dada. Wamesema msimu huu usipopata watazamaji tunafungiwa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Huyo fundi saa namwona kabisa. Hebu niambie zaidi: anavaaje? Alipoweka saa sikioni alifumba macho yote mawili? Sauti yake ikoje? Na wewe ulifanya nini na mikono yako? Niandikie yote, usiache kitu, nipate picha kamili.

Nitakuandikia kirefu nikitulia.

Mdogo wako


20 Machi

Kasuku,

Salamu nyingi. Shangazi kapangiwa kupasuliwa mwezi wa tano. Kazi ya sare inakwenda.

Nimefurahi unataka kumjua. Macho yote mawili. Anavaa koti la kijivu lililotoka kifungo cha pili. Kila siku natamani kukishona lakini naona haya. Sauti yake ya chini, inabidi usogee. Akishtuka anasema "taratibu, taratibu" kama anaongea na saa. Na mikono yangu niliificha chini ya mkoba, kama msichana.

Haya, yote nimekueleza. Ila swali langu hukulijibu. Bado nasubiri, naye anasubiri, wala hanikimbizi.

Dada yako


14 Juni

Wewe,

Nakusalimu kwa sababu nililelewa. Wifi yangu na watoto nawasalimu kwa moyo. Shangazi kapasuliwa, anaona. Heri angebaki kipofu kuliko alichokiona.

Tangu Machi hujaandika. Nikasema kazi imembana, Mungu amsaidie. Kumbe nilikuwa namwombea mwizi wangu!

Jumanne, marudio ya saa nane mchana. Televisheni ya kiwandani iko ukutani juu ya meza ya pasi, na Ngazi Mbovu hatuikosi, maana wote wanajua mwandishi ni ndugu yangu, na mimi mjinga nilikuwa najivuna. Akatokea mhusika mpya. Dada Pindo. Mjane, fundi cherehani, Biblia kwapani, mdomo mkali, anachambua tamthilia. "Kope kama ufagio," anasema. Wenzangu wakacheka. Mama Pacha akanipiga begani: "Huyu si wewe huyu? Umekuwa staa!" Nami nikacheka! Nikaona haya tu kidogo, ya furaha.

Kisha akaja Mzee Tiktak. Koti la kijivu. Kifungo cha pili hakuna. Akamsogelea Dada Pindo, akafumba macho, akaweka sikio, si kwenye saa, Kasuku, kwenye kifua cha yule mama, akasema, "Hiki hakijafa. Kimechoka kusubiri." Na vile vicheko vya kurekodiwa vikamwagika kama mawe ya lori. Tena mchungaji alipobisha hodi mkamficha Tiktak kabatini, akawa anasema "taratibu, taratibu" humo ndani, na kabati linatikisika.

Cherehani zote zilisimama. Mama Pacha alinitazama usoni, akaacha kucheka. Yeye si mjinga. Kiduka kinaonekana dirishani.

Unajua kilichofuata? Sasa nakupa maelezo, si unayapenda? Siku ya pili vijana wa mtaa wakapita dukani kwake: "Tiktak! Umechoka kusubiri?" Siku ya tatu akafunga. Siku ya nne akamkabidhi Mama Pacha saa ya mume wangu, imefungwa kwenye gazeti, inatembea, bila neno hata moja. Yale maneno aliyasema mbele yangu tu, dukani, tukiwa wawili. Anaamini nilikwenda kumtangaza. Anaamini mimi na ndugu yangu mwenye televisheni tulikaa tukamcheka. Mimi ningekuwa yeye ningeamini hivyo hivyo.

Tangu afungue tena nimekwenda mara tatu. Ananiambia, "Karibu, mama. Una saa ya kutengeneza?" Basi. Kama mteja.

Utasema ni kichekesho. Mimi nimetazama vichekesho maisha yangu yote, najua kizuri. Kizuri kinamcheka mwenye nguvu, au kinajicheka chenyewe. Kinachomcheka mtu ambaye hayupo, ambaye alikuamini, huo ni umbea uliotiwa muziki. Umenivua nguo uwanjani, tena nguo niliyojishonea mwenyewe.

Nilikuomba ushauri, ukaniomba maelezo.

Sitaki samahani. Nataka unirudishie ile barua ya Januari. Nataka aisome kwa macho yake, aone nilimwandikaje.

Dada yako, bado, kwa bahati mbaya


9 Julai

Dada,

Shikamoo. Barua yako imeniumiza. Namshukuru Mungu kwa jicho la shangazi.

Naomba unielewe. Waandishi wote wanaokota, dada. Mmoja kwa shemeji yake, mwingine kwa jirani. Hakuna jina lililotajwa, hakuna mtaa. Nani angejua? Na usione ni kejeli tupu, watu wanampenda Dada Pindo! Tunapokea barua. Akina mama wajane wanasema hatimaye kuna mtu kama wao kwenye televisheni. Kipindi kimepona kwa sababu yake. Wenzangu kumi na wanne wana kazi kwa sababu yake. Ile ya kifuani ilikuwa wazo la mkuu wa kipindi, mimi nilikuwa nimeandika saa.

Huyo baba atasahau. Watu husahau vipindi haraka, mimi najua.

Kuhusu barua, nimeiweka mahali salama. Nitaitafuta.

Mdogo wako


18 Julai

Kasuku,

Hamjambo. Huku hatujambo.

Kitu kilichowekwa mahali salama hakitafutwi. Iko wapi?

Kama ulikuwa umeandika saa, kwa nini jina lako liko kwenye kipindi chenye kifua? Na hao wajane wanaompenda Dada Pindo, wapelekee salamu. Waambie yupo mmoja halisi, na yeye hana barua hata ya kwake mwenyewe.

Usinijibu kitu kingine. Barua.

Dada


2 Septemba

Kasuku,

Salamu kwa wifi na watoto. Binti yangu yuko likizo, ananisaidia kazi. Nimemweleza yote kuhusu fundi saa, mwenyewe, kabla hajaelezwa na kipindi chako. Nilitegemea anikemee. Akasema, "Mama, huyo baba wa koti la kijivu? Huyo ni mpole." Miezi yote nikiogopa macho ya mtoto, na mtoto hakuwa na neno. Wewe ulikuwa na maneno yote.

Jumapili tulikaa na shangazi tukatazama tuzo. Maoni yangu, kwa kuwa ndiyo uliyokuwa ukiyataka: mshereheshaji alicheka vichekesho vyake mwenyewe. Yule mwigizaji wa Mke wa Daktari Mkuu alipewa tuzo ya kulia, maana hajafanya kingine. Magauni mengi yalikuwa yameshikwa kwa pini, na mgongoni zinaonekana. Kila mshindi aliwataja mama, Mungu na wadhamini, na si kwa mpangilio huo.

Kisha wakatangaza mwandishi bora wa vichekesho, ukapanda wewe. Suti imekukaa. Nilisahau hasira nukta moja, Mungu ananiona, moyo ulinienda juu: mtoto wa baba yangu huyo! Mtangazaji akakuuliza, "Dada Pindo umemtoa wapi?" Ukatabasamu. "Nilimwota tu. Siku moja nikaamka, akawa yupo kichwani."

Uliniota.

Shangazi alisogea karibu na kioo, akatazama kwa jicho lake jipya. "Huyu si Kasuku wetu? Mbona anadanganya vizuri hivyo?" Binti yangu alizima.

Siku zote nakuombea. Lakini Jumapili nilipiga magoti nikakosa maneno, nikainuka. Hilo halijawahi kunitokea, hata nilipomzika mume. Ujue ulichofanya.

Barua yangu.

Dada yako


25 Septemba

Dada,

Shikamoo. Ipo humu ndani.

Nilikuambia iko mahali salama. Haikuwa. Ilikuwa kwenye jalada la kipindi, ofisini. Niliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wote siku nilipokosa cha kuwapa. Nilijiambia nitasoma hapo pa kope tu. Walicheka, nikaendelea.

Utaona imechorwa kwa wino mwekundu. Palipoandikwa "kicheko" pembeni, ndipo tulipopanga watu wacheke. Nilitaka kukuambia aliyeichora ni mkuu wa kipindi. Mwandiko utaujua, ni wangu. Nilijaribu kuufuta, karatasi ikaanza kutoboka. Nikafikiri niinakili upya iwe safi, nikaona nitakuwa nimekuibia mara ya pili.

Msimu ujao wanataka harusi ya Dada Pindo na Tiktak. Nimekataa kuiandika. Wataiandika wengine, siwezi kuwazuia. Mhusika ni mali ya kituo sasa. Nilitia sahihi.

Swali lako la Januari sikulijibu kwa sababu nilijua ukimkubali hutakuwa tena na cha kuniandikia. Hilo ndilo lililobaki, na ndilo baya kuliko yote.

Kasuku


21 Oktoba

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na nawasalimu wa nyumbani kwako. Shangazi mzima. Sare zimekwisha, sasa ni mashati ya shule.

Barua nilipoipokea sikuweza kuisoma siku mbili. Wino wako mwekundu ulikuwa umeikanyaga yote. Pale nilipoandika nililia njiani, pembeni umeandika "kicheko kikubwa". Nikataka kuitia jikoni iungue. Mama Pacha akanishika mkono: "Ukiichoma, Kasuku atabaki na hadithi yake na wewe huna ya kwako. Mpelekee fundi mwenyewe."

Nikampelekea mchana, duka likiwa wazi. Nikamwambia, "Sina saa ya kutengeneza. Nina barua." Akaniruhusu nikae kwenye kile kigoda.

Alisoma taratibu, anavyofanya kila kitu. Akafika kwenye wino. "Hapa pana alama. Kicheko. Nani alicheka?"

"Ndugu yangu. Na wenzake."

"Na wewe ulipoandika?"

"Hapo mimi nilikuwa nasema kweli."

Kisha akakasirika, Kasuku, na mimi sijawahi kumwona amekasirika. Hakupaza sauti. Alisema, "Nina miaka hamsini na saba. Nimemzika mke. Nina kazi moja ninayoijua. Sasa hata watoto wa shule wakileta saa wananiwekea sikio kifuani wakicheka. Ndugu yako ananijua mimi? Amewahi kuniletea hata mkanda?" Nikamwacha aseme mpaka mwisho. Sikukutetea. Nilijitahidi nipate la kukutetea, sikulipata. Akaniambia, "Niachie hii." Nikaiacha, nikaondoka bila kujua.

Siku tatu hakuna neno. Siku ya nne, saa nane mchana, akaingia kiwandani. Hajawahi kuvuka ile barabara. Ngazi Mbovu ilikuwa imeanza ukutani, na wanawake ishirini na wawili wakageuka kumtazama, koti la kijivu na kila kitu. Mama Pacha alipanda juu ya benchi akaizima kwa kuchomoa waya.

Akaja mpaka meza yangu. Akasema, kwa ile sauti yake ya kusogelea, ila siku hiyo kila mtu alisikia: "Nimeisoma mara nne. Humu kuna swali, na uliyemuuliza hakujibu. Mimi sikuulizwa. Lakini jibu lingenifaa."

Nikasema, "Nimekubali."

Hakuna aliyecheka. Mmoja alianza kulia, msimamizi akatuambia turudi kazini.

Sasa nikwambie na lako. Hasira yangu haijaisha. Sitakuandikia kwamba imeisha ili upate usingizi. Kila siku njiani bado kuna anayemwita Tiktak, na wakionyesha hiyo harusi yao ya uongo watatuita wote wawili, na itatubidi tuishi hivyo. Maoni yangu juu ya vipindi hutayapata tena. Habari zangu za moyoni hutazipata. Salamu utapata, na habari za shangazi.

Lakini ulisema kweli mara moja, mwishoni mwa barua yako, bila mtu kukulazimisha. Nimeisoma kweli hiyo, nikaweza kuomba tena. Sikukuombea kirefu.

Mchungaji ameniuliza nani atasimama upande wangu, kwa kuwa baba hayupo. Nikamwambia ninaye mdogo wangu mmoja. Akauliza, "Atakuja?" Nikasema sijui. Mama Pacha amekwisha kujitolea, na gauni kalishona.

Kama utakuja, si mimi wa kumwona kwanza. Anza na yeye. Si kwa barua, wewe barua unaziandika vizuri mno. Kwa mdomo, pale dukani, mlango ukiwa wazi na mtaa unapita. Umwambie yale maneno uliyatoa wapi. Akikupokea, utasimama upande wangu. Asipokupokea, utarudi nyumbani kwako, nami sitamlaumu.

Ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na moja. Ibada saa nne asubuhi. Duka anafungua saa mbili, hata siku hiyo. Kuna saa ya mtu ameahidi kuimaliza.

Dada yako